KUYAFAHAMU MARADHI YA SARATANI YA TEZI: MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI WA UNGUJA NA PEMBA

(Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo ya elimu ya afya yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa kwa ukamilifu ili wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza nao wayasome.)



Miongoni mwa maradhi ambayo watu husikia jina lake bila ya kuyafahamu ni saratani ya tezi, ambayo madaktari huiita limfoma. Mtu akiambiwa kwamba ana saratani ya titi au ya tumbo, angalau hujua ni kiungo gani kilichoshikwa. Lakini anayeambiwa kwamba ana “limfoma isiyo ya Hodgkin” hutoka chumbani kwa daktari na jina asiloweza kulitamka, la maradhi asiyojua yamekaa wapi mwilini. Zaidi ya hayo, ndani ya jina hilo mna neno “isiyo”, kana kwamba ameelezwa kile asichoumwa badala ya kile anachoumwa.

Makusudio ya mazungumzo haya ni kulifungua jina hilo. Jambo moja litarejewa tangu mwanzo hadi mwisho: limfoma si maradhi mamoja bali ni mengi, na mgonjwa hawezi kujua lipi la kuogopa, lipi la kutarajia na tiba ipi imfaayo mpaka ajue jina kamili la limfoma aliyo nayo.

TEZI NA KAZI ZAKE

Mbali na mishipa ya damu ijulikanayo na watu wote, mwili wa binadamu una mishipa mingine myembamba ichukuayo majimaji yaitwayo limfu. Majimaji hayo hukusanywa kutoka baina ya nyama za mwili na kurejeshwa katika damu. Njiani mwa mishipa hiyo mna vituo, navyo ndivyo tezi. Mwili una tezi mia kadhaa. Ziko shingoni, makwapani, kinenani, kifuani na tumboni.

Kila mzee aliyemwona mtoto mwenye kidonda mguuni akavimba mtoki ameiona kazi ya tezi kwa macho yake. Vijidudu vimeingia kidondani, vimechukuliwa na limfu, vimezuiliwa kituoni, na tezi imevimba kwa sababu ya mapambano. Kidonda kikipona, mtoki nao hunywea. Kwa hivyo si kila tezi iliyovimba ni saratani. Nyingi sana si saratani.

Walinzi wa vituo hivyo ni seli nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti. Zipo za aina ya B, ambazo kazi yao ni kutengeneza kingamwili, na za aina ya T, ambazo huziua seli zilizoingiliwa na virusi na kuwaongoza walinzi wengine. Limfoma huanza pale limfosaiti moja inapoharibika katika maumbile yake ya ndani, ikakataa kufa wakati wake ulipofika, na ikaendelea kuzaa nyingine mfano wake. Kwa kuwa limfosaiti huzunguka mwili mzima, maradhi haya yaweza kuanza po pote: katika tezi, katika bandama, katika uboho wa mifupa, tumboni, katika ngozi, na hata katika ubongo.

JINA NA MAANA YAKE

Mwaka 1832 daktari Thomas Hodgkin, wa hospitali ya Guy's mjini London, alieleza habari za wagonjwa kadhaa waliofariki wakiwa na tezi na bandama zilizovimba. Mwaka 1865 daktari mwenzake, Samuel Wilks, aliyaita maradhi hayo kwa jina la Hodgkin. Baadaye Carl Sternberg mwaka 1898, na Dorothy Reed mwaka 1902, walieleza seli kubwa ya pekee ionekanayo kwa darubini katika tezi za wagonjwa hao. Basi limfoma yenye seli ya namna hiyo ndiyo ya Hodgkin, na zilizobakia zote ziliwekwa fungu moja na kuitwa limfoma zisizo za Hodgkin.

Mgawanyo huo ni sawa na wa mtu aliyekwenda Darajani akawagawa samaki wote wa sokoni mafungu mawili, changu na wasio changu. Katika fungu la pili atawakuta dagaa na papa pamoja. Mwenye kuambiwa kuwa samaki wake si changu hajaambiwa bado kama ampikie mtu mmoja au kijiji kizima. Leo wataalamu wamekwisha kubainisha aina zaidi ya 60 katika fungu hilo, na nyingi zao, takriban 85 katika kila 100, hutokana na limfosaiti za aina ya B.

Kwa mgonjwa, mgawanyo wenye manufaa ya mwanzo ni ule wa mwendo. Zipo limfoma za mwendo wa pole, mathalani ile iitwayo folikula. Hizi hukaa miaka mingi, uvimbe ukizidi na kupungua, na baadhi ya wagonjwa hawahitaji dawa yo yote kwa muda mrefu. Zipo na za mwendo wa kasi. Iliyo ya kawaida kuliko zote duniani ni ile ya seli kubwa za B zilizotawanyika, ambayo huzidi kwa wiki na miezi. Na ya kasi kabisa ni ile ya Burkitt, ambayo uvimbe wake waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Limfoma ya kasi, ijapokuwa huua upesi isipotibiwa, mara nyingi yaweza kuondolewa kabisa kwa dawa, kwa kuwa dawa hizo huzishambulia zaidi seli zinazogawanyika kwa haraka. Limfoma ya pole huishi na mgonjwa miaka mingi, ikitulizwa na kurejea, lakini ni nadra kung'oka moja kwa moja ikiwa imekwisha kuenea. Kwa hivyo neno “kasi” lisichukuliwe kuwa hukumu ya kifo, wala neno “pole” lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kutokwenda hospitali.

MFANO ULIOTOKA AFRIKA YA MASHARIKI

Limfoma ya Burkitt ilijulikana ulimwenguni kutokana na kazi iliyofanywa katika Afrika ya Mashariki, na visiwa vya Unguja na Pemba vina sehemu katika habari hiyo.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda mfupi baadaye Burkitt alimwona mtoto mwingine wa namna hiyo hiyo katika hospitali ya Jinja. Alianza kupekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha taarifa ya uvimbe huo. Wataalamu wenzake wa maabara walithibitisha kuwa ni limfoma. Mwishoni mwa mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walifunga safari ya wiki kumi kwa gari, kiasi cha kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini na kurudi. Katika kila hospitali waliuliza kama uvimbe huo unajulikana. Walibaini kuwa unaonekana katika nchi za joto na mvua, na hauonekani katika nyanda za juu zenye baridi.

Katika ramani hiyo palikuwa na kitendawili. Unguja na Pemba zina joto na mvua, na ng'ambo yao, pwani ya bara, uvimbe ulikuwa ukionekana. Lakini visiwani ulikuwa nadra. Wachunguzi, akiwemo Gilbert Dalldorf, walielekeza fikira zao kwenye malaria. Katika miaka hiyo visiwa hivi vilikuwa katika kampeni kubwa ya kupambana na mbu, iliyoendelea tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1968. Nako London, mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuviona kwa darubini ya elektroni virusi vipya katika seli za uvimbe huo, vikaitwa virusi vya Epstein na Barr.

Yanayofahamika sasa ni kwamba virusi hivyo karibu kila mtu huvipata, wengi wakiwa wadogo, na havimdhuru. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, walinzi wake wa mwili hudhoofika na limfosaiti zake za B huzalishwa kupita kiasi, na hapo huwa rahisi kwa seli moja kuharibika. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiorodhesha malaria kali ya mahali inapoenea mwaka mzima miongoni mwa mambo ambayo yumkini husababisha saratani.

Yapo mafunzo mawili katika habari hii. La kwanza, kazi ya vyandarua, kupiga dawa majumbani na kutibu malaria mapema, ambayo tangu miaka ya 2000 imeipunguza sana malaria visiwani, huwakinga watoto na zaidi ya homa. Ilipoachwa baada ya 1968 malaria ilirejea. Si kazi ya kuachwa nusu. La pili, Burkitt na wenzake waliona watoto ambao uvimbe wao ulinywea kwa siku chache baada ya dozi za mwanzo za dawa. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilianzishwa Kampala, nacho kikawa chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kwa hivyo mtoto aliyevimba taya au tumbo ghafla asisubirishwe ng'olewe jino wala asikandwe kwa majani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

DALILI, NA MADHARA YA KUSUBIRI

Dalili kuu ya limfoma ni uvimbe wa tezi, na mara nyingi uvimbe huo hauumi. Hili ndilo linalowahadaa watu. Mtoki wa kidonda huuma, na mtu huuhangaikia. Uvimbe wa limfoma haumnyimi mtu usingizi, hivyo huachwa.

Tezi iliyovimba kwa zaidi ya wiki nne bila ya sababu inayoonekana, au inayozidi kukua, au iliyo ngumu kama mpira, yapasa ionyeshwe kwa daktari. Uvimbe ulio juu ya mtulinga usisubiriwe hata hizo wiki nne. Aidha, zipo dalili tatu ambazo daktari atauliza, na mgonjwa afadhali aziandike kabla ya kwenda: homa ya zaidi ya nyuzi 38 isiyo na sababu, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kupungua uzito kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi ndani ya miezi sita. Mtu aliyekuwa na kilo 70 akafika 63 bila ya kukusudia, huyo amefikia kiwango hicho.

Dalili hizo tatu ni zile zile za kifua kikuu, ambacho nacho huvimbisha tezi za shingo. Hapa ndipo wagonjwa wengi wa Afrika hupoteza muda. Mtu huanzishwa dawa za kifua kikuu kwa kukisiwa, hupita miezi, uvimbe hauishi, na limfoma inaendelea. Haifai mtu kuacha dawa za kifua kikuu kwa uamuzi wake mwenyewe. Lakini ikiwa tezi inazidi kukua ilhali dawa inamezwa sawasawa, ni haki yake kuuliza: “Je, tezi hii imekwisha kupimwa?”

Vile vile ifahamike kwamba mtu mwenye virusi vya UKIMWI yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata limfoma za kasi. Kipimo cha virusi hivyo ni sehemu ya uchunguzi wa kila mgonjwa wa limfoma. Mwenye navyo hutibiwa maradhi yote mawili kwa pamoja, na asiache dawa zake za virusi ila kwa amri ya daktari.

KUKATWA KINYAMA

Hakuna daktari, hata awe bingwa, awezaye kuijua aina ya limfoma kwa kuitazama shingo au kwa kupima damu peke yake. Hapana budi kinyama kikatwe kutoka katika uvimbe na kipelekwe maabara. Sindano nyembamba ya kufyonza seli chache husaidia kutambua kwamba pana jambo, lakini mara nyingi haitoshi. Mtaalamu huhitaji kuiona tezi nzima au kipande kikubwa, kwa kuwa namna seli zilivyopangika ndani ya tezi ni sehemu ya jawabu. Kisha kinyama hutiwa dawa maalumu zinazoonyesha alama zilizo juu ya seli, ikajulikana kama ni za B au za T.

Imeenea imani kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa. Kwa limfoma imani hiyo haina msingi. Seli zake ni za kutembea mwilini tangu hapo, na kisu cha mpasuaji hakiongezi safari zao. Wanaosema kuwa fulani alikatwa kinyama akafa husahau kwamba fulani huyo alikatwa kinyama akiwa amekwisha kuchelewa.

Pana tahadhari moja isiyojulikana na wengi. Vidonge vya prednisoloni, ambavyo watu hupewa kwa pumu na kwa uvimbe wa kila namna, huweza kuinywesha limfoma kwa muda na kuliharibu jawabu la maabara. Mwenye uvimbe usiojulikana asivimeze kabla ya kukatwa kinyama, ila daktari aone hatari ya kusubiri ni kubwa zaidi.

Majibu yakija, mgonjwa aombe nakala ya karatasi ya maabara na aitunze kama anavyotunza hati ya nyumba yake. Huenda akapewa rufaa ya kuvuka bahari, kama ambavyo kwa miaka mingi wagonjwa wa Unguja na Pemba wamekuwa wakienda Ocean Road, Dar es Salaam; na huko swali la kwanza litakuwa juu ya karatasi hiyo.

HATUA NNE

Jina likijulikana, hutazamwa maradhi yameenea kiasi gani. Utaratibu utumikao hata leo ulipangwa mwaka 1971 katika mji wa Ann Arbor, Marekani, na kurekebishwa mwaka 2014. Hatua ya kwanza ni uvimbe ulio sehemu moja ya tezi. Ya pili ni sehemu mbili au zaidi zilizo upande mmoja wa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Ya tatu ni pande zote mbili za kiwambo hicho. Ya nne ni pale maradhi yanapofika katika uboho, ini au viungo vingine.

Katika saratani nyingine hatua ya nne mara nyingi humaanisha kuwa matumaini ya kupona kabisa ni madogo. Katika limfoma sivyo. Wapo wagonjwa wengi wa hatua ya nne waliotibiwa wakapona, na wapo wa limfoma ya pole walioanza na hatua ya nne wakaishi miaka mingi. Jamaa wasikiapo neno “ya nne” wasianze kumlilia mtu aliye hai.

TIBA

Tiba hufuata jina. Mwenye limfoma ya folikula asiye na dalili huenda akaambiwa aje kupimwa kila baada ya miezi michache bila ya kupewa dawa. Huko si kutupwa. Imethibitika kwamba kuanza dawa mapema kwa mgonjwa wa namna hiyo hakumwongezei umri. Mwenye limfoma fulani ya tumbo inayotokana na bakteria wa vidonda vya tumbo huweza kupona kwa kuwaua bakteria hao kwa antibiotiki. Mwenye uvimbe wa sehemu moja huweza kufaidika na mionzi.

Kwa limfoma ya seli kubwa za B, tiba ya kawaida tangu miaka ya 1970 ni dawa nne kwa pamoja: siklofosfamidi, doksorubisini na vinkristini kwa njia ya mshipa, na prednisoloni ya kumeza kwa siku tano. Mzunguko huo hurejewa kila baada ya siku 21, kwa kawaida mara sita. Dawa ya tano, rituksimabu, ni kingamwili iliyotengenezwa ili kuzinasa seli za B. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1997, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Kwa dawa tano hizo kwa pamoja, takriban wagonjwa 6 katika kila 10 wa limfoma hiyo hupona kabisa. Kabla ya rituksimabu hapana budi kupimwa homa ya ini ya aina ya B, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuiamsha iliyolala.

Wapo watakaosema dawa hizi ni sumu za kigeni na kwamba mitishamba ni salama. Ifahamike kuwa vinkristini hutokana na mmea wenye asili ya Bukini, wenye maua madogo ya waridi au meupe, unaopandwa kama pambo katika bustani za pwani. Maabara iliitoa dawa ndani ya jani na kuipima kwa miligramu. Jani lenyewe likitafunwa au kuchemshwa ni sumu isiyo na kipimo. Mgonjwa anayetumia dawa za miti asifiche. Amweleze daktari, kwani baadhi yake hugongana na dawa za hospitali.

SIKU ZA TIBA

Nywele hunyonyoka na huota tena. Kichefuchefu kipo, na dawa zake zipo. Mkojo kuwa mwekundu siku ya kwanza ni rangi ya dawa, si damu. Ganzi ya vidole iripotiwe. Mwenye kisukari ajue kuwa prednisoloni itaipandisha sukari yake. Mwanamke asishike mimba wakati wa tiba, na vijana wanaotaraji kuzaa waulize juu ya uzazi kabla ya dozi ya kwanza. Anayekusudia kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake kabla, kwa sababu ya maji na dawa.

Lililo kubwa kuliko yote ni homa. Baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, seli nyeupe hupungua sana. Homa ya nyuzi 38 katika siku hizo si ya kumezea vidonge na kulala hadi asubuhi; ni dharura, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane. Kila nyumba yenye mgonjwa iwe na kipimajoto, na ijulikane mapema gari itapatikana wapi.

Baada ya mzunguko wa pili au wa tatu uvimbe mara nyingi hutoweka, mgonjwa hunenepa, na watu humwambia kuwa amepona. Huu ndio wakati wa hatari. Uvimbe usioonekana kwa jicho bado una seli zilizobakia, na atakayeacha tiba njiani maradhi humrejea, nayo mara nyingi huwa magumu zaidi kutibika. Tiba ikamilishwe, na baada yake mgonjwa aendelee kuja kwa miadi.

JAMAA NA MAHALI PA KAZI

Limfoma haiambukizi. Sahani, kitanda na kikombe havitengwi. Wala kwa kawaida si maradhi ya kurithiwa, hata ndugu wakaogopa kuoana na watu wa nyumba ile.

Kwa wakuu wa afisi, mtumishi anayetibiwa hufuata kalenda inayojulikana: kila siku 21, kwa miezi minne hivi. Akileta karatasi ya daktari, likizo yake iweze kupangwa kwa tarehe, na kazi zake zigawiwe mapema, badala ya kuitwa mtoro. Wapo wanaoficha maradhi kwa kuchelea kupoteza vyeo, na wapo wanaoruka dozi ili wasionekane hawapo. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walimlenga mgonjwa. Lakini afisi inayomfanya mtumishi afiche nayo ina sehemu yake katika lawama hiyo.

MASWALI YA MGONJWA

Mgonjwa asiende peke yake. Afuatane na mtu anayejua kuandika, na maswali yafuatayo yaandikwe pamoja na majawabu yake:

1. Jina kamili la limfoma hii ni lipi, na ni ya seli za B au za T?
2. Ni ya mwendo wa pole au wa kasi?
3. Imefika hatua ya ngapi, na uboho umekwisha kupimwa?
4. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini vimekwisha kupimwa?
5. Makusudio ya tiba ni kuyaondoa maradhi kabisa au ni kuyatuliza?
6. Dawa ni zipi, mara ngapi, na zote zinapatikana?
7. Homa ikipanda usiku, aelekee wapi na amtafute nani?

Swali la tano ni zito, na daktari huenda akangoja kuulizwa. Liulizwe. Mwenye kujua kuwa anatibiwa ili apone huvumilia dozi sita kwa moyo mwingine. Na mwenye kujua kuwa anatulizwa hupanga siku zake, madeni yake na wasia wake kwa utulivu.

Wakuu wa Idara na Masheha wanaombwa kuyabandika maswali haya saba mahali patakapoonekana na watu, katika afisi, vituo vya afya na skuli, ili anayeyahitaji ayanakili bila ya kulazimika kumweleza mtu sababu.